Feza Iliyobakia kwa Bomba Ni Mali ya Bomba



Bomba letu limekwisha. Maji ya kuogea na ya kufulia ya internat, ambayo zamani yalipotea nyuma ya jengo na kuzaa mbu, sasa yanapita katika shimo la kokoto na mchanga, yanaingia katika tiyo, yanafika shambani. Kiangazi hiki tumekula mboga ya kwetu. Tunashukuru wote waliochimba, waliobeba na waliolipa. Lakini kazi iligharimu kidogo kuliko devi, na feza ikabakia katika keshi. Tangu siku ile maneno hayakosi. Chini ya mwembe wanasema: «Feza ilibakia, tukule tu!» Wengine wanataka rangi mpya kwa madarasa. Wengine wanasema irudi kwa wazazi. Mkutano wa wanafunzi pamoja na Komite utakaa mbele ya ezamen, na inaomba kila mmoja aje na shauri lake. Langu ni hili, nalisema wazi: feza iliyobakia kwa bomba ni mali ya bomba. Isiguswe kwa kitu kingine mpaka tujue hilo bomba litaishi namna gani.

Najua kuko wanaosema: «Ni tiyo ya maji machafu tu, sababu gani kuandika makaratasi mengi?» Kwa hao naanza na kusema kwamba maji yenye kurudi si jambo la haya. Sisi wa Manono tunayajua zamani, tu hatukuyapa jina. Tazameni watu wanaofua kasiterite: maji ni yale yale, wanayachota tena na tena, madini mazito yanabakia chini, mchanga mwepesi unakwenda zake. Hakuna mchimbaji anayemwaga maji ovyo wakati wa kiangazi.

Na kuko miji mikubwa iliyofanya hivyo kwa akili nyingi. Mji wa Windhoek, kule Namibia, uko katika inchi kavu. Mto wenye maji ya mwaka mzima ulio karibu, Okavango, uko mbali kilometa karibu 700. Mwaka 1968 wakafungua uzini pa Goreangab, ambapo maji yaliyokwisha kutumika katika nyumba yanasafishwa mpaka yanakuwa ya kunywa tena. Mwaka 2002 wakajenga uzini mpya wa lita milioni 21 kwa siku, kwa mikopo kutoka Ulaya, na kwa miaka mingi karibu robo ya maji ya mji imetoka mule. Tena wako na tiyo nyingine, ya pekee, ya maji ambayo hayakusafishwa mpaka mwisho: hayo ni ya kumwagilia bustani na viwanja vya mpira. Maji ya viwanda wanayatenga mbali, yasichanganyike na ya nyumba. Na kama kipimo kinaonyesha kasoro, uzini hautoi maji kwa mji, yanarudishwa nyuma.

Sasa mniambie: kupima maji usiku na mchana kunalipwa na nini? Na feza ya kujenga? Hapana. Feza ya kujenga ilikwisha siku ya kufungua. Kinacholinda watu wa Windhoek wasiugue ni feza ya kila mwezi, ile ambayo hakuna mtu anayeipigia makofi. Uzini ungejengwa vizuri namna gani, bila dawa na bila vipimo ungekuwa hatari mbele ya mwaka kuisha.

Mji wa Durban, Afrika ya Kusini, ulishika njia nyingine. Tangu 2001 kampuni moja ilisafisha maji machafu ya mji, lita milioni 47 na nusu kwa siku, ikayauzisha kwa kiwanda cha karatasi cha Mondi na kwa uzini wa petroli wa SAPREF. Viwanda vikanunua maji kwa bei ndogo, na maji safi yakabakia kwa watu. Akili nzuri. Lakini mwaka 2022 SAPREF ikasimamisha kazi ya kusafisha petroli. Mwenye bomba anayetegemea wanunuzi wakubwa wawili, mmoja akifunga mlango, anakula nini? Anakula akiba, kama anayo. Kama hana, bomba linalala.

Karibu na kwetu zaidi, ng'ambo ya ziwa, mji wa Moshi katika Tanzania uko na mabwawa ya kusafisha maji machafu pale Mabogini, na wakulima wanatumia maji yenye kutoka mule kwa mashamba ya mpunga. Hakuna mashini ya ajabu pale: jua, muda, na watu wa kuondoa matope. Lakini hata kuondoa matope ni kazi, na kazi inalipwa.

Basi turudi kwa keshi. Mbele ya kuuliza «tufanye nini na feza hii?» inaomba tuulize «sababu gani ilibakia?» Mimi naona feza inabakia kwa sababu tatu, na kila moja iko na dawa yake.

Ya kwanza: mambo yasiyotazamiwa hayakufika. Kila devi nzuri inaweka kidogo pembeni, mara nyingi 10 kwa 100, kwa mvua, kwa jiwe chini ya udongo, kwa gari lililokwama njiani. Kama jiwe halikuonekana, feza inabakia. Hiyo ni bahati, lakini hatari haikufa, imesogea tu: jiwe halikuonekana mwaka huu, tiyo itapasuka mwaka kesho.

Ya pili: bei ilikuwa ndogo kuliko tulivyofikiri, ao tulifanya kazi kwa mikono yetu pahali pa kulipa watu. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ni ya nani? Ni ya wale waliotoa jasho na waliotoa feza, wote pamoja. Si ya kundi moja lenye sauti kubwa.

Ya tatu, na hii ndiyo mbaya: feza ilibakia kwa sababu kazi haikufanywa yote. Tiyo ilipaswa kuzikwa chini kwa kipimo fulani, ikazikwa juu juu. Walipaswa kuweka robine tatu, wakaweka mbili. Namna hii feza iliyobakia ni deni lililovaa nguo ya faida. Ukiila, umekula robine ya mwenzako. Kwa hiyo mbele ya mkutano naomba watu watatu, mwalimu mmoja, mzazi mmoja na mwanafunzi mmoja, watembee na devi mkononi tangu mahali pa kuogea mpaka shambani, wahesabu kila kitu. Kazi ya saa moja. Nasema hivyo bila kumshitaki mtu. Hesabu inamlinda mwenye mikono safi kuliko mwingine yeyote.

Wenye kujenga kazi kubwa wanajua hiyo ya tatu, ndiyo maana hawamlipi fundi yote kwa siku moja. Wanashika sehemu, 5 ao 10 kwa 100, kwa muda wa mwaka hivi. Kazi inapokelewa mara mbili: mara ya kwanza siku inapokwisha, mara ya pili baada ya mvua moja nzima kuipitia. Kama ukuta ulipasuka, ile feza inautengeneza. Kama haukupasuka, fundi anapewa. Bomba letu halijaona hata mvua moja. Na sisi tunataka kula feza mbele ya mvua!

Tena kuko sharti la yule aliyetoa. Feza iliyotolewa kwa kazi fulani haigeuki kuwa feza ya kila kazi kwa sababu imebakia. Katika feza ya Benki ya Dunia, kama ile ya mradi wa maji ya miji yetu, PEMU, uliokubaliwa mwaka 2008 kwa Kinshasa, Lubumbashi na Matadi, kuko tarehe ya kufunga. Feza isiyotumiwa mpaka hapo inafutwa, isipokuwa wenye mradi waliomba mapema na kwa maandishi. Wazazi wetu hawana benki, lakini nao walitoa feza kwa jina la maji. Tukitaka kubadilisha jina, tuwaulize.

Wajirani wetu wa Tanzania wako na neno zuri kwa feza yenye kurudi: wanasema «chenji ya rada». Habari yake ni hii. Serikali yao ilinunua rada ya ndege kwa kampuni ya Uingereza BAE Systems, kwa paundi milioni 28. Watu wakalia kwamba bei ni kubwa kupita kiasi. Mwishowe, mwaka 2010, kampuni ikakubali mbele ya tribinali ya Uingereza kosa la kutoandika vizuri vitabu vyake vya hesabu juu ya biashara ile. Mwaka 2012 Tanzania ikapokea paundi milioni 29 na nusu, nayo ilipewa kwa kazi iliyotajwa mbele: vitabu vya shule na madawati. Angalieni mambo mawili hapa. Kosa lililokubaliwa lilikuwa la daftari; wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na chenji haikuachwa itembee mitaani bila kazi. Ilipewa jina mbele ya kufika.

Kwetu Kongo tuko na mfano wa upande mwingine. Mwaka 2024 redio zote zilisema habari ya «forages»: mkataba wa mwaka 2021 wa dola karibu milioni 400 kwa stesheni za maji 1,000. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kugawanya: karibu dola 400,000 kwa stesheni moja. Watu wakashangaa, wakaguzi wa feza za Leta wakaangalia, jambo likafika kwa tribinali. Mimi si jaji. Nasema tu kwamba kama kugawanya kule kungefanywa mbele ya watu mwaka 2021, maneno ya 2024 yangekuwa madogo. Gharama inachungwa mbele ya kazi, na masalio inachungwa nyuma ya kazi, lakini daftari ni moja.

Kuko atakayesema: «Kapita, unasema juu ya Windhoek na Kinshasa, sisi tuko na tiyo moja na shamba moja.» Ni kweli. Lakini ninyi mnajua tunaishi wapi. Manono hii ilijengwa na etain ya Géomines. Katika miaka ya 1930 walijenga santrali ya umeme ya Piana-Mwanga juu ya mto Luvua. Mwezi wa Oktoba 1985 bei ya etain ikaanguka dunia nzima, kisha ikaja vita ya 1998, na mashini zikanyamaza miaka mingi. Wazee wetu wanasimulia taa za barabarani kama hadithi. Sisemi keshi ya kutengeneza ingeshinda vita. Vita ni vita. Nasema kwamba kuamsha kitu kilicholala miaka mingi kunaomba feza mara nyingi kuliko kukitunza kikiwa macho. Mwaka 2018 tulipata santrali ya jua ya megawati 1 pamoja na batri zake. Batri inazeeka, kila mwenye tochi anajua. Nani anaweka pembeni leo kwa batri ya kesho?

Na sasa inakuja lithium. Zijin pamoja na Cominière wako kazini, na walitangaza kwamba uzalishaji utaanza mwaka 2026. Kusafisha jiwe la lithium kunaomba maji mengi. Naona itakuwa haki kama uzini unatumia maji yake tena na tena, ukiacha maji safi kwa watu, kama vile Durban. Tena sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa kodi ya madini hivi: 50 kwa 100 kwa Leta, 25 kwa provense, 15 kwa mahali penyewe madini inapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kampuni inapaswa kutoa si chini ya 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Fanyeni hesabu: mauzo ya dola milioni 100 yanaleta dola 300,000. Siku moja, Mungu akitujalia uhai, kati yetu watatoka wale watakaokaa katika komite ya feza ile. Watajenga bomba la mji mzima. Feza itabakia, na mtu atasema: «Ilibakia, tukule tu!» Yule atakayemjibu atakuwa amejifunzia wapi? Mimi naona, ni hapa, kwa tiyo moja na shamba moja.

Nawajibu sasa wenye mashauri mengine, kwa heshima.

Wanaotaka karamu ya wafinalisti: mimi pia ni mfinalisti, ningekula. Nyama ya siku moja, na wadogo zangu wa mwaka wa pili wangebeba bidoni mgongoni mwaka kesho juu ya tumbo langu. Siitaki. Tukitaka karamu, tuchange wenyewe.

Wanaotaka rangi: rangi ni nzuri, na madarasa yanaiomba. Lakini ukuta usio na rangi unaendelea kusimama. Tiyo isiyo na kiungo haipitishi maji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wanaotaka feza irudi kwa wazazi: hawa wako na haki zaidi ya wengine, na ninawaheshimu, kwa sababu minervali ni nzito na ninajua nyumba ambamo mama alikosa chumvi ili mtoto alipe. Lakini tukigawa masalio kwa wazazi wote, kila mmoja anapata kitu kidogo cha sabuni, na siku tiyo inapasuka tutamwomba tena zaidi ya kile tulichomrudishia. Afazali tumwonyeshe daftari, tumwahidi hatutamwomba kwa bomba hili kwa muda fulani, na tutimize.

Wanaotaka tuongeze bomba mpaka kwa nyumba za walimu: shauri zuri, lakini kwa wakati wake. Kazi mpya inaomba devi mpya. Masalio madogo yanapoanza kazi kubwa, inabakia nusu ya kazi na hakuna masalio tena.

Kwa hiyo naleta mashauri haya matano kwa mkutano:

1. Watu watatu wapime kazi kwa kufuata devi, na wasome majibu mbele ya wote.

2. Feza iliyobakia iandikwe katika daftari lake pekee, isichanganywe na keshi ya shule. Bwana Ekonome ashike ufunguo mmoja, Komite ya Wazazi ufunguo wa pili.

3. Tuweke kipimo cha matengenezo ya kila mwaka. Tuseme bomba ni la dola 1,000, na kila mwaka linaomba 5 kwa 100 kwa viungo, mchanga mpya na robine: ni dola 50. Kama masalio ni dola 150, bomba liko na miaka mitatu ya uhai mkononi. Namna hii kila mtu anaelewa anakula nini akila ile feza.

4. Mboga inayozidi ya internat iuzishwe sokoni, na sehemu ya bei irudi katika daftari lile. Bomba lijilishe lenyewe. Na wenye kumwagilia wamwage maji kwa mizizi, si juu ya majani, wala wasitumie maji haya kwa mboga inayoliwa mbichi. Mtu akiugua, hakuna daftari litakalomponya.

5. Baada ya mvua moja nzima, tupime tena. Kama kazi ni nzuri na keshi inapita kipimo cha miaka mitatu, hapo tu mkutano ukae kugawa kinachozidi: rangi, ao wazazi, ao tiyo ya walimu. Nami kama sitakuwapo, nitafurahi kusikia.

Sisi ni shule inayosoma Maandiko kila asubuhi, na wote tunajua mahali pale ambapo watu elfu tano walikula wakashiba. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakusema masalio itupwe kwa sababu kuko nyingine. Aliagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu. Vikahesabiwa vikapu kumi na viwili. Walihesabu!

Wafinalisti wenzangu, tutaondoka hapa na diploma kama ezamen inatukubali. Tuwaachie wadogo zetu bomba lenye maji na daftari lenye kurasa zilizoandikwa. Wadogo zangu, siku ya mkutano msinyamaze nyuma ya wakubwa. Inueni mkono, ulizeni: sababu gani ilibakia, ni ya nani, na itatunzwa wapi? Mwenye kuuliza hivyo hana matusi kwa mtu yeyote.

Ndimi wenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Manono.